Makofi Yasiyomfikia

Lydia alikuwa akipangusa piano nyumbani kwa waajiri wake, mtaani Al-Naseem, Riyadh, Muna alipomsimulia kifo cha mtunzi mmoja wa muziki, Mjerumani wa zamani. Muna, binti wa nyumba, alisomea muziki. Na kwa kuwa wazee wake walitoka Unguja, Kiswahili chake kilikuwa cha huko huko.

"Da Lydia, katunga opera maisha yake yote. Wakubwa wa majumba ya michezo wamemtumia, kisha wamemtupa. Basi opera yake mpya inaimbwa mji mwengine, naye yu kitandani hajiwezi. Kulipokucha, kafa. Hakusikia hata kofi moja!"

"Kwani hawangeenda kumwimbia pale pale kitandani?"

Muna akacheka. Lydia hakucheka.

Mama yake alikuwa amelazwa hospitalini Kakamega. Ndiye aliyeongoza kwaya ya kanisa, ndiye aliyemfundisha Lydia kuimba, na katika kwaya ile hakuna aliyethubutu kufungua kinywa kabla hajauona mkono wa Mama ukipanda. Sasa kila wakiongea kwa simu, mgonjwa aliomba kitu kimoja tu: ule wimbo wao.

"Nitakuja nikuimbie mwenyewe, Mama," Lydia alimjibu. "Nitaanzaje sijauona mkono wako?"

Na nani angemlaumu, jamani? Bwana Murad, babake Muna na kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini kuingia nchini, alikuwa amempa ahadi ya likizo baada ya Ramadhani. Halafu mkewe, madam Wahida, alikuwa amemwambia tangu siku ya kwanza: "Humu ndani kuimba mafi, hakuna." Lydia akaifungia sauti yake kifuani, akiitunza kwa ajili ya safari.

Ramadhani ikaisha. Badala ya likizo, familia ikafunga mizigo kwenda kupumzika Jeddah, naye wakamchukua. "Tukirudi tu, halas, basi, utakwenda kwenu," alisema Bwana Murad, wala hakumtazama.

Huko Jeddah, alasiri moja, alikuwa akiosha vyombo kaka yake Dancan alipopiga simu kutoka kando ya kitanda cha Mama.

"Sista, Mama amezidiwa. Anauliza wimbo tena."

Akafunga bomba, akaegemeza simu kwenye sufuria, akaimba. Mwanzoni sauti ilikwaruza kwa kukaa kimya muda mrefu, kisha ikafunguka, ikajaa jiko zima.

"Lydia! Nini hicho?" madam Wahida alifoka kutoka sebuleni.

Muna alikuwa amekwisha simama mlangoni. "Mwache, Mama. Nakuomba, mwache."

Lydia akaimba beti zote, hakuruka hata mmoja.

"Dancan, amesikia?"

Upande wa pili kiti kilisogezwa, na sauti ya mwanamke, si ya Mama, ikaanza kulia taratibu.

"Dancan! Nimekuuliza, Mama amesikia?"

"Endelea tu, sista," Dancan alisema kwa sauti iliyokatika. "Tafadhali usinyamaze."

Lydia akauinua mkono wake uliojaa povu, juu kabisa, kama Mama alivyozoea kufanya. Akauangalia. Kisha akaanza upya, ubeti wa kwanza.