Shati la Nne

Mimi ni dobi, na ushahidi wa kifo cha mdogo wangu niliufua kwa mikono yangu mwenyewe.

Alikuwa fundi baiskeli. Mtaa mzima ulimwita Spoki, kwa wembamba wake. Jumamosi alipanda mtaa wa juu, kule wanakoishi weupe, kumrudishia mteja baiskeli yake. Polisi wakamsimamisha. Mtu mweusi juu ya baiskeli ya bei mbaya: kwao kesi imekwisha. Jioni tukaitwa mochwari.

"Alianguka na baiskeli," polisi wakasema.

Alianguka! Mtu aliyejua kuendesha baiskeli kabla hajajua kufunga kamba za viatu!

Wakanikabidhi shati lake. Mgongoni lilikuwa na damu na alama ya buti, kisigino mpaka ncha. Mikono yangu haijui kushika nguo chafu ikaiacha. Nikaliloweka kwa maji baridi na chumvi, nikasugua, nikalipiga pasi mpaka kola. Nilitaka azikwe akiwa nadhifu.

Kesho yake akaja wakili wa kututetea. "Dada, pole sana. Shati la marehemu liko wapi?"

Nikamletea, tena kwa fahari. Akaligeuza, akalitazama mgongoni, akakaa chini.

"Umelifua, dada?"

Hapo ndipo akili iliponirudia. Nilitamani ardhi ipasuke.

Siku hiyohiyo mtaa ukalipuka. Matairi yakawaka, vioo vya maduka ya juu vikapukutika. Redioni wakavililia vioo siku nzima. Mdogo wangu hakupata hata dakika moja. Wakaulizana hasira hizi zimetoka wapi. Wapi! Waje huku chini niwaonyeshe migongo ya watu.

Jumanne bosi akaniita kazini. "Najua una msiba, mama, lakini gunia la kituo limefika."

Sisi ndio tunaofua sare za polisi. Namba zilizo kwenye kola zao nimezishona mimi, moja moja, nguo zisichanganyike. Nikamwaga gunia mezani, nikaanza kuchambua. Shati la nne likanigandisha.

Kifuani palikuwa na alama ya mkono, nyeusi tii. Grisi ya mnyororo wa baiskeli. Nimeifua kwenye nguo za mdogo wangu miaka tisa, siwezi kuikosea. Na kidole cha shahada kiliishia nusu. Cha kwake kilikatwa na mnyororo akiwa na miaka kumi, na mimi ndiye niliyemfunga kitambaa.

Mdogo wangu alikuwa amemshika shati yule askari. Alikuwa anamwomba. Na bwana huyo akavua, akatia guniani, akaniletea mimi nimsafishie! Wala hakuwa na wasiwasi. Kwao dobi hana macho.

Bosi akachungulia begani kwangu. "Hilo lina grisi. Lipige dawa kali."

"Hili halifuliwi."

"Mama, usiniletee balaa. Watakuja kulichukua saa kumi. Nitawaambia nini?"

Nikalikunja, namba ya kola ikiwa juu, nikalitia kwenye mfuko wa karatasi. Nikavua aproni. Nikaufungua mlango wa mbele, ule wa wateja, ambao sisi wafuaji haturuhusiwi kuupita. Ofisi ya wakili haikuwa mbali.

"Waambie limeanguka na baiskeli," nikamjibu bosi, nikatoka.