Mashine ya Raisa

Kila asubuhi, uani kwake mtaa wa Saltley, Raisa, fundi wa kukata miti, alinoa msumeno wake wa mnyororo kwa tupa, jino baada ya jino. Leo hajafika nusu, shemeji yake Feisal akaingia bila hodi.

"Shemeji, niazime mashine ya kusaga matawi. Yangu imekufa, na matawi yamewafungia watu njia kule mtaa wa Kings Heath."

Wateja wa Kings Heath walikuwa wa Raisa, mpaka Feisal alipowaambia kuwa mwanamke hapandi juu ya miti, kazi yake kushika ngazi.

Kwao, kumnyima jamaa waziwazi ni aibu. Raisa akainama. "Mbovu."

"Nitaitengeneza, shemeji."

Raisa akainua uso. "Nzima kabisa. Ila nataka ukwame, wakucheke kama ulivyowafanya wanicheke mimi."