Aliyepita Getini

Eliakunda aliuchukia ushuru wa mazao kama mtu mwingine yeyote pale kijijini Mhezi. Alilipa kwa woga tu. Kila Alhamisi, majirani wakikaribia gulioni, waliacha barabara wakakata korongoni na magunia yao ya tangawizi, wakatokea nyuma ya soko ambako wanunuzi waliwangoja na lori. Yeye, mjane wa miaka sitini na miwili, alipita getini kwa wakusanya ushuru, akalipa, akapokea risiti na kuguna.

"Wanatukamua, na zahanati haina hata panadoli," majirani walisema, naye alikubaliana nao kabisa.

Mwezi wa saba, wakusanya ushuru wakawavizia korongoni. Watu kumi na mmoja walipigwa faini. Kufika jioni kijiji kizima kilishajua nani kawachongea: nani mwingine, kama si yule anayesalimiana na watu wa getini?

Hakuna aliyemtukana. Walimwacha tu. Zamu yake ya maji ya ndiva, bwawa la kijiji, ilipokaribia, mfereji wa shambani kwake ulikuwa umefukiwa na udongo wa masika. Akaita msaragambo, watu waje kumsaidia kuuzibua kama ilivyo desturi, akapika makande ya watu ishirini. Jua likapanda, hakuja mtu. Alichimba peke yake hadi mgongo ukagoma, na maji yakaenda kwa wengine. Makande aliyala siku mbili. Yaliyochacha akawamwagia kuku.

Alhamisi iliyofuata alimuuliza Jabiri, mkusanya ushuru, mtu wa makamo kutoka Lembeni, "Baba, nani aliwaambia habari za korongoni?"

"Hakuna, mama. Gunia la mtu lilitoboka. Tulifuata tangawizi zilizodondoka mpaka huko."

Eliakunda aliupanda mlima bila kupumzika, akaenda moja kwa moja kwa Irene, shoga yake tangu walipoolewa wote mwaka uleule. Irene alikuwa akipepeta maharage, hakumpa kigoda. Basi alimweleza yote akiwa amesimama, mpaka gunia lililotoboka.

"Na hayo kakuambia nani?"

"Jabiri mwenyewe."

Irene akaupiga ungo kofi, makapi yakaruka. "Si unaona? Sisi wengine Jabiri hatuambii kitu."

Tangu siku hiyo Eliakunda hakumweleza mtu tena. Wenzake walitafuta njia nyingine ya kukwepa geti, na kila alipokaribia walibadilisha mazungumzo asije akaijua. Hata kanisani, benchi alilokaa lilibaki na nafasi.

Yeye aliendelea kupita getini.

"Shikamoo, mama," Jabiri alimwamkia Alhamisi moja. "Nyumbani hawajambo?"

"Marahaba, baba. Hawajambo," alijibu, ingawa nyumbani hakukuwa na mtu. Alipokea risiti yake. Kisha, kwa kuwa nyuma yake hapakuwa na foleni, akatua gunia chini, akalikalia, akamuuliza habari za Lembeni.