Binti wa Bangoni

...tena anasema nitulie, na mimi nimetulia, mikono nimeikalia, yote miwili, vidole vimekufa ganzi, taa yao inalia kama nzi ndani ya chupa na ni mimi peke yangu ninayeisikia, "Mtazame kaka, mwanangu," mama huyo, kasimama mlangoni na mkoba wangu, gauni kaniazimia yeye, lebo yake inanikwaruza shingo, nilimwomba aikate akasema nguo ya watu haikatwi, haya, namtazama kaka mpiga picha, yaani naitazama kamera, kamera afadhali, haingoji nijibu... na jana nilifurahi mpaka chakula hakikupita, kampuni ya mafuta ya ngozi inatafuta warembo wenye ulemavu, uzuri ni wa wote, ndivyo bango litakavyosema, shangazi akampigia mama, huyo wako si ana usonji, mpeleke, na leo nimeletwa, na yule dada wa kiti cha magurudumu aliyenitangulia amepigwa picha pamoja na kiti chake, wakakipangusa hadi kikang'aa, ila mimi feni iliponipitia kwenye nywele ikawa raha, na raha yangu hutokea mikononi, nikapunga, nikapunga, kaka akabonyeza, akamwonyesha msimamizi wa tangazo, nami nikachungulia, nikajiona, mikono kama ukungu, mdomo wazi, macho juu, kumbe niko hivi, sijawahi kupigwa picha nikiwa na furaha, nimezoea zile za kukaushwa kama sanamu, "Hii futa," msimamizi akasema, "watu watadhani anaumwa," ikafutwa, kwa kidole tu, kama mtu anayetoa makombo mezani, na mama, mama yangu mwenyewe, akacheka kile kicheko chake cha kuomba radhi, akasema akitulia ni mzuri mno, wala huwezi kujua... huwezi kujua, hiyo ndiyo sifa niliyokulia, shuleni huwezi kujua, kwenye harusi za watu huwezi kujua, sasa kama hawataki ijulikane waliniitia nini, si wangemchukua yeyote anayepita barabarani, "Kidevu juu, hapo hapo," wataniweka kituo cha basi, ukutani, karibu na duka letu, na watu watamsimamisha mama, hongera, una binti mzuri, naye atashukuru, atashukuru kwa dhati, kwa ajili ya yule wa ukutani, anayetazama watu usoni, ambaye mikono yake haina neno la kusema, na mimi nitakuwa hapo hapo nyuma ya mama nimebeba kapu la sabuni, nikipunga, akinibana kiwiko... mbona sikuliona hili, miaka yote niliposikia tulia, tulia mwanangu, nilidhani naitwa mimi, nikaitika, nikajibana, kumbe alikuwa akimwita mwingine, akimngoja, na mimi nimekaa kwenye kiti cha mgeni wake, jamani mama, yule haji, hukumzaa, "Tabasamu kidogo," natabasamu, taa inamulika, kaka anatazama, msimamizi anatazama, mama anasogea naye atazame, "Huyo sasa," anasema, taratibu, machozi yanamlenga, na kweli, ni huyo, mpe hongera zake, mimi sitamwonea wivu tena... "Moja ya mwisho, dada, tulia hivyo hivyo."