Gauni Linalopwaya

Pili alipoona gauni la mdogo wake Shamimu linapwaya tena, aliingiwa na shaka. Mwaka juzi Shamimu alikuwa akila kisha anajitapisha kwa siri, hadi akazimia dukani kwao Tunduma. Sasa kila baada ya chakula cha mchana alikuwa akitoka bila kuaga. Siku hiyo Pili alimfuata, akamkuta akitembea haraka na muuguzi aliyemhudumia tangu alipozimia.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia napungua tena, dada, ungelala? Nakula milo yote na sijitapishi, napungua kwa kutembea tu. Muuguzi ndiye anayenipima uzito."

Muuguzi aliitikia kwa kichwa, lakini Pili hakuridhika. Jioni alimpakulia Shamimu ugali na maharage, akakaa naye mpaka akamaliza, kisha akaendelea kumlinda asiende msalani. Shamimu alijua kwamba analindwa. Hakuinuka, alimwegemea dada yake, akamsimulia vituko vya wateja wa Zambia mpaka Pili akacheka.