Blanketi Juu ya Spinachi

Punda wa Ntate Phoka, mzee jirani yetu, alikula kabichi zangu majira ya baridi ya mwaka jana, na aliyenuna ni mume wangu. Mimi mwenye kabichi nilishasamehe. Punda ni punda. Lakini mume wangu, Ntate Tsietsi, alimwambia Phoka, rafiki yake wa tangu utotoni, kwamba punda ana akili kuliko mwenyewe, na rafiki akajibu kwamba kabichi zenyewe zilikuwa chungu. Basi. Kwetu Lesotho anayefika ndiye anayesalimu kwanza, kwa hiyo kila mmoja alikaa kwake akingoja mwenzake afike.

Mtasema ugomvi wa wanaume hao ulinihusu nini. Ulinihusu sana! Zamani mume wangu akishakunywa uji alivuka njia kwenda kwa Phoka, wakacheza morabaraba, wakasogeza vijiwe ubaoni na kutukanana hadi jua lizame. Sasa akawa anashinda bustanini mwangu.

"Mama Neo, majivu yamezidi hapo."

"Mama Neo, spinachi inataka hewa."

Asubuhi moja nilimkuta akiimwagia spinachi iliyoganda maji ya moto, eti anaiyeyusha. Iliyeyuka kweli, ikawa mlenda. Hapo nikajua kwamba mtu huyu asiporudi kwa mwenzake, hatutafika Agosti tukiwa na jani hata moja la kulia ugali.

Bustani yangu ni ya duara, imezungushiwa ukuta wa mawe unaofika kiunoni, na ina upenyo mwembamba wa kukufikisha katikati, kwenye kikapu kirefu cha fito ninamotupa maganda na maji ya vyombo. Mawe hushika joto la mchana, lakini jalidi ya Julai haiogopi mawe, ikishuka inababua kila jani. Ikifika jioni lazima nifunike. Siku moja anga ilitakata, upepo ukatoka milimani, na magunia yangu hayakutosha. Mume wangu alikuwa ameshalala. Blanketi lake la sufu, lile analojitanda mabegani kwenye sherehe, lilining'inia tu ukutani bila kazi. Nikalitandaza juu ya kikapu na spinachi iliyokizunguka, na ili upepo usilichukue, nikaweka kofia yake ya nyasi juu na kuikaza kwa kamba.

Kulipokucha ukungu ulikuwa mzito.

"We mwanamke, blanketi langu liko wapi?"

"Liko kazini. Na wewe je?"

Alichungulia dirishani, akaliona, akavuta pumzi ndefu ya kunitukana. Kabla hajaitoa tukasikia sauti getini.

"Hodi! Umeamkaje, Tsietsi?"

Alikuwa Phoka, amesimama na fimbo yake, ameielekea ile kofia na blanketi bustanini.

Mume wangu alinishika mkono. "Nyamaza," akanong'ona, furaha imemjaa usoni. "Amekuja mwenyewe! Ananiamkia!"

"Anaiamkia spinachi."

"Shii! Mwache aseme."

Phoka alikohoa. "Haya, kaa kimya. Punda alikosa. Na mimi nilikosa. Kabichi hazikuwa chungu, niliionja moja aliyoibakiza."

Mume wangu aliuma ngumi asicheke, mabega yakimtikisika. Niliona kabisa kwamba angelisimulia jambo hili kilabuni hadi kiama.

"Hata salamu hunijibu?" Sauti ya Phoka ilishuka. "Tangu mke wangu azikwe, ndugu yangu, naongea na punda. Nikasema labda leo nitapata mtu wa kuniitikia."

Mke wake tulimzika Aprili. Mume wangu alichimba kaburi pamoja na wengine bila kumtazama Phoka usoni, na siku ile nilimwonea aibu. Sasa kicheko kilimkauka.

"Toka umwitikie," nikamwambia.

"Nikitokea mlangoni atajua ameomba radhi kwa mboga. Hatakanyaga hapa tena."

Phoka alikuwa ameanza kugeuka. Mume wangu, na magoti yake mabovu, akatokea mlango wa nyuma na suruali ya kulalia, akatambaa juu ya jalidi akijificha nyuma ya ukuta wa mawe, akajipenyeza hadi katikati na kuzama chini ya blanketi. Nikasikia spinachi ikivunjika. Nyingi.

"Nimeamka salama, Phoka," blanketi likasema, huku meno yakigongana. "Wewe je? Karibu ndani."

Walikunywa chai jikoni kwangu, wakaanza kubishana kabla sukari haijakorogwa. Kisha wakakubaliana waende kwa Phoka, kwenye ubao. Moyo wangu ulitulia kama wa mtu aliyetua mzigo. Mume wangu alipoingia chumbani kutafuta viatu, Phoka alisimama mlangoni akitazama spinachi iliyolala chini.

"Pole kwa mboga, Mama Neo."

"Ntate, kweli ulidhani ni yeye pale?"

Aliangalia nyuma, akainamisha kichwa.

"Mtu huyo tumechunga ndama pamoja. Unadhani angeweza kunyamaza muda wote ule?"

"Sasa mbona uliongea?"

"Kumwomba radhi uso kwa uso kulinishinda. Nikaona nianze na spinachi." Akanikaribia zaidi. "Ilipoitikia, nusura nikimbie."

Mume wangu akatoka amevaa viatu, akauliza tunacheka nini. Tukamwambia hakuna kitu.