Kikohozi Ndani ya Kasha

Fundi wa kufuli alikuwa akipuliza vumbi kwenye tundu la kitasa pale shemeji yake alipoingia na kasha la mninga, akaliweka mezani kati ya tupa na kopo la grisi. Kasha lilikuwa kazi ya marehemu mumewe, kaka yake fundi. Halikuwa na tundu wala bawaba. Ndani mlikuwa na gololi za chuma, kila moja na mfereji wake. Zote zikikaa mahali pake, kifuniko huteleza chenyewe.

"Nililitikisa siku tuliyomzika," shemeji alisema. "Hasira tu. Sasa gololi zimeingiliana njia. Nifungulie, shemeji. Aliniambia kitu chake cha maana kimo humo."

Alipoondoka, fundi alitega sikio, akalilaza kasha ubavu. Gololi moja ikabingirika. Kisha kaka yake akakohoa humo ndani.

"Umeanzia nyuma," kaka alisema. "Tangu utoto wewe huvaa shati kabla ya kuoga."

"Shikamoo, kaka," fundi akajibu, akaligeuza.

Wakawa wanafanya kazi hivyo kila siku. Marehemu alielekeza, akatania, akauliza nani siku hizi anamchekesha mdogo wake. Hakuna, fundi alisema, na ilikuwa kweli. Tangu abaki peke yake na karakana, alikuwa akizungumza na redio, nayo haikuwa na betri. Upweke ulikuwa umemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Sasa alifungua mapema na kufunga kwa shingo upande.

Gololi ya mwisho ilipotulia, kifuniko kiliteleza. Ndani mlikuwa na ufunguo wa zamani wa karakana, ule aliokuwa nao kaka walipofanya kazi pamoja. Mikono ya kaka ilipoanza kutetemeka na kuharibu kazi za wateja, fundi alibadili kitasa cha mlango bila kumwambia. Aliona haya kusema.

"Mbona meno ya ufunguo yameisha?" aliuliza.

"Nilidhani kosa ni la ufunguo," kaka alisema. "Kila niliporudi nyumbani niliupiga tupa kidogo, kesho yake nikajaribu tena."

Fundi alitafuta neno la kuomba radhi. Aliona uchungu, tena uchungu hasa. Lakini kasha likiwa wazi sauti ilikuwa inafifia, na neno lilikuwa halijapatikana. Akarudisha ufunguo, akafunga kifuniko, akalitikisa kwa nguvu zake zote. Gololi zikapoteana. Kikohozi kikarudi.

Shemeji alipokuja tena alisimama mlangoni, maana kiti kilikuwa kimoja.

"Limefunguka?"

"Bado. Kazi ya kaka si mchezo."

"Basi nitasubiri. Nyumbani nako hakuna wa kuniharakisha." Akasikiliza. "Nani anakohoa?"

"Mimi," fundi alisema, akakohoa.

"Kunywa kitu cha moto. Marehemu alianza hivyohivyo."

Alipokwenda zake, fundi alifunga mlango kwa kitasa kipya, akaketi, akalilaza kasha ubavu.

"Umeanzia nyuma," kaka alisema.